Njuga Kwenye Waya wa Chai

Shemeji yangu Hasbi alikuwa mtu mwenye akili timamu karibu mwaka mzima. Alichuma chai yake, alimrekebishia jirani paa bila kuombwa, na ukikutana naye njiani na mzigo alikupokea kabla hujamsalimia. Lakini Agosti ikiingia, vipanga wakianza kushuka kutoka kaskazini na kupita juu ya vilima vyetu, akili ile aliitundika ukutani, akapanda mlimani na wenzake waliorukwa kama yeye. Nina haki ya kusema hivyo. Mume wangu Ruhi ni mdogo wake Hasbi, na ana ugonjwa huohuo. Mimi Melahat nimeishi na ugonjwa huo sebuleni na jikoni, na zaidi ya mara moja nimekuta mavi ya kipanga kwenye unga wangu wa mahindi.

Hasbi alimwoa Zekiye mwezi wa Septemba, kosa la wazee waliopanga tarehe. Alikuja harusini na kipanga mkononi. Wakamwambia amwache nyumbani, akajibu kwamba ndege ana siku mbili tu tangu anaswe, na asipozoea watu sasa hatazoea tena. Zekiye ukimuuliza habari za harusi yake hadi leo hukwambia, "Kwenye picha tuko watatu, na niliyesimama pembeni ni mimi."

Kazi yenyewe huanza kwa mdudu. Mwanamume mzima, mwenye ndevu na wajukuu, anapiga magoti kwenye bustani ya kabichi ya mkewe kuchimbua chenene. Chenene ni chambo cha kumnasa mbwigu, ndege mdogo mwenye mgongo mwekundu. Mbwigu naye hufungwa kwenye kijiti, na mwenye kijiti anajificha ndani ya kibanda cha majani nyuma ya wavu. Kipanga akipita juu, mtu anatikisa kijiti, mbwigu anapapatika, kipanga anamshukia na kuingia wavuni. Wakubwa na madume wanaachiwa palepale. Anayechukuliwa ni jike mchanga, na yeye anabebwa kwenye kiganja kitupu, sokoni, kahawani, msikitini mpaka mlangoni, hata azoee kelele za watu. Kisha kware wakivuka bahari na kuangukia mashamba yetu hoi kwa upepo, anarushwa kwa mkono kuwakamata.

Msimu ukiisha anafunguliwa kamba za miguuni na kuachiwa. Kwetu kipanga huazimwa, hamilikiwi. Akifa kwa maradhi mkononi mwako utapewa pole. Lakini akikuponyoka na kamba yake, kamba ikanasa mtini, akafa akining'inia kichwa chini, hapo hakuna wa kukupa pole. Hakuna atakayekutukana pia. Ila mlimani hutasogezewa nafasi karibu na moto, na chenene wako utachimba peke yako. Kulikuwa na Yakup wa kijiji cha juu, ndege wake alifia kwenye mti wa chesnati. Mwaka huohuo aliuza nyavu akaenda Istanbul, na watu husema alifuata kazi.

Sasa nieleze ugomvi, maana bila huo siku ile isingekuwa ile.

Baba mkwe wangu Osman alipofariki aliacha vitu viwili vya maana: kibanda cha mtego kule ukingoni mwa mlima, mahali ambapo vipanga hupita chini kuliko popote, na waya wa chai unaovuka bonde. Waya haukugawanyika kwa sababu una ncha mbili, moja kwao na moja kwetu. Kibanda alikichukua Hasbi kwa kuwa ndiye mkubwa. Ruhi akasema baba alimwahidi yeye, akiwa kitandani, kwa mdomo wake. Hasbi akasema mgonjwa huahidi mengi. Alfajiri moja Ruhi akapanda akang'oa miti yote ya wavu. Jioni yake, kahawani, mbele za watu, Hasbi akamwambia mdogo wake, "Ungekuwa mtoto wa mzee yule usingefanya hivi." Neno hilo, ukilitazama vizuri, limempiga mama yao pia. Tangu hapo hawakuamkiana. Hata sikukuu mmoja alisubiri mwenzake atoke makaburini ndipo yeye aingie.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi na Zekiye tulilima mpaka mipini ikavunjika, na wao bado wamenuna.

Kilichobaki kati yao ni ule waya. Nyumba ya Hasbi iko ng'ambo ya bonde, chini kidogo ya kwetu, na barabara ya lori la chai iko upande wetu. Basi magunia yake hupanda kwenye kapu la chuma linaloning'inia kwenye waya mnene, likivutwa na kamba ya chuma mpaka kwenye mota uani kwangu. Katikati ya bonde mto unapiga kelele kiasi kwamba hata ukipasua koo husikiki, kwa hiyo huwa tunagonga waya kwa jiwe. Pigo moja ni vuta. Mawili ni simama. Matatu ni legeza breki, kapu lishuke lenyewe kurudi kwao. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya wana wa Osman. Ruhi alipokea magunia ya kaka yake, akayapanga vizuri kuliko yetu, bila neno.

Vuli ile Hasbi akanasa ndege ambaye habari zake zilifika kwetu kabla hajamshusha mlimani. Jike mkubwa, mgongo wa kahawia iliyoiva, kifua kipana. Kahawani wazee walisimama kumtazama. Ruhi aliporudi nyumbani siku hiyo hakula. Nikamuuliza kulikoni.

"Umemwona huyo kipanga?" akasema.

"Wa kaka yako? Sijamwona."

"Basi usimtazame. Utakuja kunidharau na wangu."

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mota ilikuwa imekufa. Nilikuwa jikoni nawapaka dagaa unga wa mahindi. Nikasikia njuga. Vipanga hufungwa njuga ndogo, mlio wake mkali hupenya hata kelele za mto, nasi hatuushangai. Lakini Ruhi, aliyekuwa akinoa makasi ya chai mlangoni, alisimama kama aliyeitwa jina.

"Njuga hiyo iko hewani," akasema.

"Si kuna mtu anarusha ndege wake."

"Kwenye mvua hii? Na mbona haisogei?"

Tukatoka. Katikati ya bonde, chini ya ule waya mnene, kulikuwa na kitu kinaning'inia. Kikapapatika kwa nguvu, kikatulia, kikapapatika tena. Kila kikipapatika njuga ililia. Ng'ambo, Hasbi alikuwa amesimama kwenye jukwaa la kapu, mikono kichwani.

Zekiye alinisimulia baadaye yaliyotokea. Kamba ya ngozi ya miguuni mwa ndege ilikuwa imelowa ikavimba, Hasbi akaitundika ikauke karibu na jiko. Mahali pake akafunga uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, kwa siku hiyo tu. Hata mimi nisiyependa ndege najua kwamba nailoni hairuhusiwi. Ngozi ikinasa mtini huliwa na mvua, ndege huidonoa ikakatika, akaenda zake. Nailoni haiozi wala haikatiki kwa mdomo. Alitoka naye barazani, radi ikapiga, ndege akaruka, na uzi uliolowa ukateleza vidoleni.

"Naiona ikimeta mpaka huku," Ruhi akasema polepole. "Nailoni. Mtoto wa Osman amemfunga kipanga kwa nailoni."

"Atadumu kwa muda gani vile?"

"Kichwa chini? Si muda. Moyo unapasuka." Akatema mate. "Na sasa hivi kijiji chote kitasikia hiyo njuga."

Ndipo nikamwona Hasbi akiingia kapuni, jiwe la kugongea mkononi.

Kapu lile ni la magunia. Watu hawaruhusiwi kupanda, na watu wote hupanda, lakini siku za jua, mota ikiwaka, na mtu akiwa na haraka ya hospitali au ya harusi. Kwenye mvua hakuna apandaye. Waya unateleza, breki zinalowa. Zekiye alikuwa ameshika koti la mumewe kwa mikono miwili, na kwa mbali nilimwona akiburutwa mpaka ukingoni, kisha koti likabaki mikononi mwake.

"Ruhi," nikasema, "kaka yako ameingia kapuni."

"Namwona."

"Sasa?"

"Sasa hajagonga."

"Akigonga utavuta?"

Alikunja mikono kifuani, akatazama bonde. Niliishi na mtu huyu miaka mingi nikidhani namjua hadi ndani ya mifupa, na dakika ile sikujua atafanya nini. Niliogopa. Sikuogopa kwa ajili ya ndege, nisidanganye. Niliogopa kwamba jiwe litagonga na mume wangu atabaki amesimama vilevile, na mimi nitalazimika kuendelea kumpikia mtu wa namna hiyo.

Njuga ikalia, safari hii kidogo tu.

Jiwe likagonga. Pigo moja. Likatetemeka kwenye waya wote mpaka uani kwetu.

Ruhi hakusogea. Mvua ilimtiririka usoni na hakuipangusa. Kisha akasema, "Punda huyu," akaenda kwenye gurudumu.

Alikuwa anatukana, nami nikashukuru. Mtu akikutukana bado mko pamoja.

Umeme ukikatika tunavuta kwa gurudumu la mkono. Ni kubwa, la chuma, lina mpini, na pembeni kuna kijino kinachoingia kwenye meno yake kulizuia lisirudi nyuma. Gunia la chai huvutwa na mtu mmoja akatokwa jasho. Hasbi ni mrefu na mwembamba, lakini alikuwa mzito kuliko magunia mawili. Ruhi alizungusha, kijino kikawa kinalia tak, tak, tak. Mimi nikasimama ukingoni kuwa macho yake, maana kutoka kwenye gurudumu huoni bondeni.

"Anakuja," nikasema. "Bado. Bado. Kapu linayumba."

"Ameketi?"

"Ameketi."

"Mwambie akae hivyohivyo."

"Nimwambie kwa mdomo gani, Ruhi?"

Ndege alikuwa ameacha kupapatika. Mabawa yamelegea, yamefunguka, mvua inadondoka kwenye ncha. Nikasema moyoni, amekufa, tumechelewa. Kapu lilipomkaribia akajikunja ghafla akataka kujiinua, akashindwa.

"Yu hai," nikasema, na nikashangaa kusikia sauti yangu inatetemeka kwa ajili ya kitu kinachokula vifaranga vyangu.

Mapigo mawili. Ruhi akasimamisha, akaegemea mpini.

"Anafanya nini?"

"Anasimama."

"Kapuni? Anasimama kapuni?" Akafumba macho. "Ya Rabi, mtu huyu."

Hasbi alisimama kweli, mguu mmoja kwenye ukingo wa kapu, mkono wa kushoto umeshika chuma cha juu, wa kulia ukimnyooshea ndege. Chini yake hakukuwa na kitu ila mvua na mawe ya mto. Ndege alimkwaruza. Akamkamata kwa kifua, akambana kwenye shati, akamhamishia mkono wa kushoto uliokumbatia chuma kwa kiwiko, akatoa kisu na kukifungua kwa meno. Nailoni ilikuwa imejizungusha kwenye waya mara nyingi, imekaza. Angeweza kuikata hapo juu, kwa pigo moja, akaketi. Hakuikata hapo. Aliutafuta mguu, akakata karibu kabisa na unyayo, kwanza mmoja, kisha mwingine, ili kisibaki hata kipande cha uzi. Na njuga akaikata. Niliiona ikidondoka, lakini mto uliumeza mlio wake.

"Amempata," nikasema. "Yuko naye mkononi. Anaketi."

Ruhi akapumua. Kisha tukasubiri, sote wawili tukijua tunasubiri nini. Kwao ni chini, mkewe yuko kule, chai ya moto iko kule. Mapigo matatu, na breki zingemshusha nyumbani kwake.

Likagonga pigo moja.

Ruhi akanitazama. "Anakuja kwetu?"

"Pigo ni moja."

Mpaka leo sijui kama aliogopa breki zilizolowa au kama ilikuwa ni kitu kingine. Sijamuuliza. Mume wangu alirudi kwenye gurudumu akazungusha kwa nguvu kuliko mwanzo, akawa anaongea peke yake, mara anamtukana kaka yake, mara anamtukana marehemu baba yao kwa kuahidi watu wawili kibanda kimoja.

Kapu lilikuwa limebakiza kama theluthi ya safari kijino kilipokatika.

Nilisikia mlio mmoja mkavu. Mpini ukamchomoka Ruhi mikononi ukampiga begani, gurudumu likaanza kuzunguka kinyume, na kamba ya chuma ikakimbia kurudi bondeni. Kule chini, mwisho wa waya, kuna nguzo ya zege. Gunia likiachiwa hupasukia pale na majani ya chai hutapakaa mpaka kwenye mti wa tini. Nililiona jambo hilo lote kabla halijatokea.

Ruhi aliishika kamba. Simaanishi mpini, maana mpini ulikuwa unazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono. Alishika kamba yenyewe ya chuma, kwa viganja vitupu, akaweka miguu kwenye ukuta wa jukwaa akajilaza nyuma. Ikampitia mikononi. Nilinusa ngozi ikiungua. Hakupiga kelele, alisema tu, "Mtaimbo, Melahat, mtaimbo," kama anayeomba chumvi mezani.

Mtaimbo ulikuwa umeegemea ukuta. Nimebeba magunia ya chai tangu nikiwa msichana, na sijawahi kuuona mgongo wangu ukinisaidia kama siku ile. Niliuchomeka kati ya vyuma vya gurudumu, ukarushwa, nikauchomeka tena. Ukanasa. Gurudumu likasimama kwa kishindo kilichonitupa matopeni.

Nilipoinuka nikakimbilia ukingoni.

Mshtuko ule ulikuwa umekata mnyororo wa upande mmoja wa kapu. Limepinda, limeinamisha mdomo chini, na shemeji yangu alikuwa nje yake. Ananing'inia kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia alikuwa bado ameubana kifuani, na kati ya vidole niliona kichwa cha kipanga, jicho la manjano.

"Ruhi," nikasema, "anashikilia kwa mkono mmoja."

"Mwingine una nini?"

"Una ndege."

Ruhi alikuwa bado ameshika kamba, damu inamtiririka mpaka kwenye viwiko. Alifumba macho. "Hatamwachia," akasema. "Namjua mimi. Hatamwachia."

Mkono wa kushoto wa Hasbi ukateleza kidogo. Nikaona akimtazama ndege. Muda ule ulikuwa mrefu. Naapa ulitosha mtu kuyafikiria maisha yake yote, vuli moja baada ya nyingine, kibanda, wavu, wazee waliosimama kahawani. Kisha akaufungua mkono.

Kipanga alidondoka kama jiwe, akafungua mabawa karibu na maji, akapinda, akafuata mto kuelekea baharini. Hasbi hakumtazama akienda. Alikuwa ameshashika chuma kwa mikono miwili, anajivuta, goti, tumbo, mpaka akajilaza kwenye kapu lililopinda.

Tulimvuta sisi wawili, mimi kwenye mpini na Ruhi akinizuilia gurudumu lisirudi nyuma, akiliegemea kwa bega kwa kuwa viganja havikushika tena. Ilituchukua muda mrefu. Ng'ambo Zekiye alikuwa amepiga magoti na lile koti kichwani.

Hasbi alishuka jukwaani. Aliketi chini kwenye matope, mgongo ukutani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umechanwa na kucha, na shati lilikuwa na manyoya mawili madogo ya kifuani. Ruhi alisimama mbele yake ameficha mikono nyuma, kama anayeona haya.

"Umemwachia," Ruhi akasema.

"Ndiyo."

"Kipanga kama yule. Mimi nilidhani utamng'ang'ania mpaka ufe naye."

Hasbi akainua mkono, akamvuta mdogo wake kwa kitambaa cha suruali mpaka naye akaketi. Akamtoa mikono nyuma ya mgongo, akaifungua polepole, akatazama kilichobaki kwenye viganja. Aliitazama mpaka mvua ikaiosha damu na nyingine ikatoka.

"Na mimi, mdogo wangu," akasema, "pale katikati nilidhani wewe ndiye utakayeniachia."

Ruhi aliinamisha kichwa. Nilimjua mume wangu kuwa mtu wa kujitetea, anayebisha hata na mvua, nikangoja aseme ungewezaje kunidhania hivyo.

"Hata mimi, kaka," akasema. "Hata mimi nilidhani hivyo."